Maswali ya chai: uchungu, maziwa yanayokatika na kikombe cha usiku

Nimeanza kunywa chai ya kijani, lakini kila nikiipika inakuwa chungu kama shubiri. Nakosea wapi?

Kosa liko kwenye maji. Chai ya kijani haipikwi, wala haimwagiwi maji yanayotokota. Majani yake hupashwa moto mapema baada ya kuchumwa ili yasigeuke meusi, kwa hiyo katekini hubaki humo kwa wingi, na hizo ndizo zenye uchungu na ukakasi. Maji yanayochemka huzitoa zote kwa pupa. Maji ya nyuzi 70 hadi 80 huzitoa taratibu, huku utamu wa jani ukitoka bila shida.

Huna kipimajoto? Changanya sehemu tatu za maji yanayochemka na sehemu moja ya maji safi ya kawaida, ya nyuzi 25 hivi. Utapata karibu nyuzi 80, na kikombe kikishachukua joto lake unabaki pale pale panapotakiwa. Changanya maji kwanza, majani yafuate. Ukianza na majani, yatakuwa yameungua kabla maji baridi hayajafika. Kwa mililita 200 weka gramu 2, yaani kijiko kidogo kimoja, subiri dakika 2, kisha chuja yote. Majani yakiachwa chini ya kikombe yanaendelea kutoa uchungu hadi tone la mwisho. Usiyatupe: yanakubali maji mara ya pili, na mengine hata ya tatu.

Napenda chai ya rangi iwe kali. Niyaache majani kwa muda gani?

Ukitaka ukali, ongeza majani, usiongeze dakika. Chai nyeusi yenyewe inataka maji yanayotokota: dakika 4 hadi 5 kwa majani makubwa, 2 hadi 3 kwa yale ya unga yaliyomo kwenye vifuko. Ukizidisha hapo unachoongeza zaidi ni ukakasi, ule unaokausha ulimi. Na rangi isikudanganye, kwa sababu hutangulia ladha. Kifuko kinaweza kuyapaka maji yote ya kikombe wekundu ndani ya nusu dakika na chai bado ikawa maji matupu. Anza na gramu 2 kwa mililita 200, na ikikosa nguvu panda hadi 3 kwa muda ule ule.

Nikiweka tangawizi kwenye chai ya maziwa, maziwa yanakatika. Si kila siku, ila mara nyingi.

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa. Kikikutana na maziwa ya moto ambayo hayajachemka, kinafanya kazi upesi: utaona chembe nyeupe zinajitokeza pembeni mwa sufuria, kisha maji yanajitenga. Siku ambazo chai inatoka salama, yaelekea tangawizi ilikuwa imechemka vya kutosha kabla ya maziwa kuingia, kwani mchemko unakiondolea nguvu.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Ponda gramu 10 za tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, uchemshe katika mililita 250 za maji kwa dakika 5 hadi 10 pamoja na iliki tatu zilizopasuliwa. Tia gramu 5 za majani, dakika 2. Maziwa, mililita 200, yaingie mwisho yakiwa yameshachemshwa pembeni. Yakipanda mara moja, zima moto na uchuje. Sukari baada ya hapo.

Yakikatika hata kwa utaratibu huu, chunguza maziwa yenyewe. Yaliyoanza kuchachuka, hata kama hayajatoa harufu, hayavumilii moto. Limau na choya ni tindikali, hivyo chai yake isitiwe maziwa kabisa.

Chai gani haitaninyima usingizi?

Ile isiyotokana na mchai: mchaichai, mnanaa, choya, kamomaili. Nyeusi, kijani na nyeupe zote ni za mmea mmoja na zote zina kafeini. Kumwaga maji ya kwanza baada ya nusu dakika hakusaidii sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kafeini bado imo majanini.

Mchaichai ukate vipande na uchemshe dakika 5. Mnanaa usiuchemshe: umwagie maji ya moto na ufunike dakika 5, maana mafuta yenye harufu hupotea na mvuke.

Kuna utando unaong'aa juu ya chai yangu. Ni uchafu?

Hapana, ni chokaa ya maji magumu iliyoungana na kemikali za chai. Matone machache ya limau huuondoa.

Naipenda chai ikiwa ya moto kabisa. Ina ubaya?

Ndiyo, na tunaomba usilipuuze hili. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, hasa ya umio. Tatizo ni joto, si chai. Iache kikombeni dakika kadhaa, au imimine mara mbili tatu kutoka kikombe hadi kikombe. Kama huwezi kupiga funda zima bila kuvuta hewa mdomoni, bado haijafaa kunywewa.