XP yafuta pointi za kurejesha za Windows 7

Swali: Kompyuta yangu ina Windows XP na Windows 7. Kila nikiwasha XP, pointi za kurejesha mfumo za Windows 7 (nakala za hali ya mfumo za kurudia kukitokea hitilafu) hufutika zote. Nifanyeje?

Jibu: XP haielewi muundo wa nakala hizo, hivyo ikigusa tu diski ya Windows 7 huzifuta. Izuie XP isiione diski hiyo. Ukiwa ndani ya XP fungua regedit (programu ya kuhariri rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\MountedDevices, unda ufunguo Offline, na ndani yake DWORD (aina ya thamani ya namba) yenye jina \DosDevices\D: na thamani 1. Herufi (hapa D) iwe ile ambayo XP imeipa diski hiyo, si unayoiona ukiwa Windows 7. Wengi hukosea hapo. Zima, uwashe upya. Ukiwa XP hutaweza tena kufungua mafaili ya diski hiyo. Pointi zilizokwisha kufutwa hazirudi, tengeneza mpya.