Maswali na majibu: "Run" si kukimbia tu

Safari hii maswali yote yameangukia kitenzi kimoja cha Kiingereza.

Mgeni alifika mwaloni akaniuliza, "Who runs this place?" Nikadhani anauliza nani amekimbia. Alitaka nini? (Muuza dagaa, Kirumba)

Alikuwa anamtafuta msimamizi, mama. "Run" ikifuatwa na duka, shule au kampuni, maana yake ni kuendesha. Hata wewe unaweza kumjibu, "I run a dagaa business."

Kitabu cha mashine ya boti kimeandika, "Let the engine run." Inakimbilia wapi? (Fundi wa injini, Igombe)

Haiendi popote, fundi. Tazama mtumbwi ulioegeshwa: umefungwa kamba kwenye jiwe, hausogei, lakini ukishawasha injini inanguruma na maji ya kupoza yanachirizika pembeni. Hapo Mwingereza husema, "The engine is running." Umeambiwa uiache ingurume. Nasi tuna kauli kama hiyo: saa ya ukutani haina miguu, ila tunasema inatembea. Ndani ya "run" mna mwendo usiokatika, ndiyo maana hata maji yamo. Mto Mirongo "runs through Mwanza". Bomba lililoachwa wazi "is running". Mtoto mwenye mafua, kamasi zikimtiririka, "his nose is running". Naupenda sana ukoo huu wa maana, na huniuma mwanafunzi anapokaririshwa "run, kukimbia" kisha daftari likafungwa.

"We have run out of petrol" na "The petrol has run out", ipi sahihi? (Bodaboda, Buzuruga)

Zote. Ya kwanza ni "tumeishiwa petroli", ya pili "petroli imeisha". Angalia tu hiyo "of": ukiiweka, lazima utaje kilichoisha.

Niliandika "The ferry has ran", mwalimu akanikata. Kwa nini? (Mwanafunzi, Nansio)

Mwalimu yuko sawa, mdogo wangu. Ni run, ran, run. Baada ya "has" au "have" inarudi "run". Jana peke yake: "The ferry ran yesterday." Ratiba ya kila siku: "The ferry runs every day."

Kugombea uongozi nako ni "run"? (Msomaji, Ilemela)

Ndiyo. Wamarekani husema "run for", Waingereza zaidi husema "stand for". Kwenye insha chagua moja, ukae nayo hadi mwisho.