Kucha-ndefu wa Kinangop: hesabu mashungi ya nyasi kwanza, ndege baadaye

Kila msimu wa mvua huja watu wapya Kinangop, uwanda wa juu wa Nyandarua nchini Kenya, wakiwa na darubini na hamu ya kuona viota. Hamu ni nzuri, ila kwa ndege huyu ndiyo inayoharibu kazi. Macronyx sharpei, tunayemwita hapa kucha-ndefu, haishi popote duniani isipokuwa nyanda za juu za Kenya, na yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Hujenga kiota chini kabisa, ndani ya shungi la nyasi ngumu, yaani fungu la nyasi ndefu zilizoota pamoja. Shungi likiondoka, naye huondoka. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya ndege huyu aanze kwa kutazama chini, kwenye nyasi.

Kwanza hakikisha unamjua. Ana tumbo na koo la manjano, mgongo wa kahawia wenye michirizi, mistari myembamba myeusi kifuani na ubavuni, na weupe pembeni mwa mkia unaoonekana akiruka. Wanaoanza humchanganya na binamu yake Macronyx croceus, ambaye ni mkubwa zaidi, ana mkanda mweusi mnene kifuani na hupenda kutua juu ya vichaka na miti. Wetu hutembea chini na kutua juu ya mashungi. Ukimwona "kucha-ndefu" juu ya mti wa ua, tazama tena kabla hujaandika.

Matayarisho yaanze Februari, kabla ya mvua ya njahi, yaani masika. Utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukitaka kumshika ndege au kugusa yai, unahitaji pia idhini ya mamlaka ya wanyamapori. Lakini kibali kizito zaidi ni cha mwenye shamba, kwa sababu sehemu kubwa ya nyasi za Kinangop ni mashamba ya watu binafsi, mengine ya ekari mbili tatu tu. Anayechunga kondoo pale mara nyingi si mwenye hati. Uliza nani mwenye ardhi, nani aliyekodisha, na mkataba wa kukodi unaisha lini. Shamba likikodishwa kwa viazi msimu mmoja tu, trekta likapita mara moja, mashungi ya miaka mingi yamekwisha. Hilo ulijue Februari, usilikute Mei.

Vifaa si vingi: gambuti, darubini ya 8×, GPS au simu yenye betri ya akiba (baridi ya asubuhi hula betri), dira, rula ya sentimita 30, kamba ya mita 40 yenye fundo kila mita 10, fimbo nyepesi ya mwanzi, daftari na penseli. Kalamu ya wino acha nyumbani, umande utaifuta kazi yote.

Kabla ya ndege, pima shamba. Ile kamba ya mita 40 ukiivuta pembe nne inakupa mraba wa mita 10 kwa 10. Weka miraba mitatu hadi mitano kwa kila shamba, na mahali pake pachaguliwe nyumbani kwa idadi ya hatua kutoka langoni, maana ukichagua ukiwa pale macho yatakupeleka penye mashungi mazuri. Ndani ya mraba hesabu mashungi yote yenye kitako cha sentimita 15 au zaidi na yaliyopita urefu wa nyasi zinazoyazunguka. Kisha pima urefu wa nyasi fupi za katikati mara kumi, uchukue wastani. Namba hizi mbili, mashungi kwa mraba na urefu wa nyasi katikati, ndizo zinazoeleza kwa nini shamba moja lina ndege na la jirani halina. Ndege huyu anataka vyote viwili: nyasi fupi za kutembea akitafuta panzi na mbawakawa, na mashungi marefu ya kujificha na kuzalia. Nyasi zilizoachwa zikawa pori refu tupu hazimfai, na uwanja uliolishwa hadi udongo haumfai. Shamba lililolimwa halimfai kabisa.

Kuhesabu ndege kunafanywa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, siku isiyo na upepo mkali, mvua wala ukungu. Watu watatu wapangane mstari mmoja, mita 10 kati yao, watembee polepole kutoka ukingo hadi ukingo. Hekta moja huchukua kama dakika 20. Kucha-ndefu hulala chini hadi ukaribie, kisha hupuruka ghafla na kutua mbele kidogo. Hapo ndipo hesabu zinapovimba: ndege yuleyule huruka mara tatu akaandikwa watatu. Dawa yake ni mtu mmoja, yule wa katikati, afanye kazi ya kufuatilia anakotua kila ndege na kumchora kwenye ramani ya shamba, na hao wengine wapige kelele tu "ameruka". Rudi shamba lile baada ya siku saba au zaidi, kwa saa zilezile na watu walewale ikiwezekana. Sifuri iandikwe. Wengi hupita shamba tupu bila kuandika kitu, kisha mwisho wa mwaka inaonekana kana kwamba ndege wako kila mahali walipokwenda.

Sasa viota. Ushauri wetu wa kwanza: usitafute kiota kama huna swali ambalo kiota pekee ndicho kitakachojibu. Kujua kama ndege wanazaa pale, inatosha kumwona mzazi amebeba mdudu mdomoni au nyasi kavu. Ukilazimika kutafuta, kaa umbali wa mita 40 hivi, chuchumaa, utulie. Mzazi hatui kwenye kiota. Hutua pembeni, akatembea chini kwa chini, na akitoka pia hutoka kwa njia nyingine. Mahali alipotua mara moja hapakwambii kitu, tazama mara tatu nne ndipo uchore duara la mahali pa kutafuta.

Kamba ya kuburuta juu ya nyasi ili ndege aruke, ambayo watafiti wa ndege wa nyasi huipenda sana, hapa haifai. Hupanda juu ya mashungi na kuteleza bila kumgusa mama aliye chini. Tumia ile fimbo ya mwanzi, ukipapasa juu ya shungi kwa wepesi, si kuchoma ndani. Usifanye hivyo asubuhi nyasi zikiwa zimelowa umande, maana mama akiruka mayai hupoa upesi kwenye baridi ya Kinangop, na wewe utalowesha kiota kwa nyasi unazozisukuma. Ngoja saa nne ipite, jua likaushe. Ukimkuta bado anajenga au ndio anaanza kutaga, ondoka. Ndege wengi wakisumbuliwa katika hatua hizo hukiacha kiota, lakini akishaatamia kwa siku kadhaa huwa mgumu kukiacha.

Kiota kikipatikana, kazi yako kubwa ni kutowaonyesha wengine. Kunguru hutazama watu. Nguchiro na mbwa hufuata njia iliyokanyagwa. Kwa hiyo usifunge utepe wa rangi juu ya shungi. Chomeka kijiti kifupi mita tano kutoka kiotani, uandike nyuzi za dira kutoka kijiti hadi kiota, na upige picha moja. GPS pekee haitoshi: kosa lake la mita tatu hadi tano ndani ya mashungi linakupa mashungi ishirini ya kuchokoa. Tembelea kila baada ya siku tatu au nne, si kila siku. Ukifika, usisimame ukageuka. Pita kando ya kiota ukiendelea na safari, ili njia yako isiishie pale, na safari ijayo pita upande mwingine. Fungua nyasi kwa fimbo, tazama, zirudishe, endelea. Yote yachukue chini ya dakika moja. Kunguru akiwa ametua karibu, pita kama humjui mtu, urudi alasiri.

Kuna njia ya kujua umri wa yai kwa kuliweka ndani ya maji: jipya hulala chini, likikua husimama, mwishoni huelea. Kwa ndege aliye hatarini, na mikono ya wanaojifunza, hatuishauri hata mwenye kibali. Andika tarehe ulizoona mayai na makinda, hesabu itakutosha.

Na hesabu yenyewe ndiyo inayowapotosha wengi. Chukulia mlifuatilia viota 12, sita vikaharibika. Mtu atasema nusu vilifaulu. Lakini viota vilivyoharibika mapema, kabla hamjavipata, hamkuviona kabisa. Hesabu siku badala ya viota: kama viota hivyo 12 kwa jumla vilikuwa chini ya macho yenu siku 96, hasara ni 6 kwa 96, yaani asilimia 6.25 kila siku. Uwezekano wa kiota kupona siku moja ni 0.9375. Ukichukua kwa mfano siku 25 kutoka yai hadi makinda kutoka, zidisha 0.9375 kwa yenyewe mara 25, unapata takriban 0.20. Si nusu, ni kimoja kati ya vitano. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtakaa kimya au mtakwenda kuongea na mwenye mifugo.

Kuhusu aliyeharibu, uwe mwepesi wa kuandika ulichoona na mzito wa kutaja jina. Mayai yametoweka lakini kiota ni kizima: huenda ni nyoka, lakini si yeye peke yake. Kiota kimechanwa: mnyama wa miguu minne. Mayai mazima yamepoa: kimeachwa, na pengine ni kwa sababu yako. Shungi limelala upande mmoja na kwato zipo: hilo halihitaji mjadala.

Tukija kwenye kurudisha makazi, wengi hukimbilia kupanda. Kupanda ni mwisho. Cha kwanza ni mifugo iliyopo. Ng'ombe aliyefungwa kwa kamba ya mita sita hufagia duara la mita za mraba 113, na chochote kilichozaliwa ndani yake kimekwisha. Kumwomba mwenye ng'ombe ahamishe kigingi hadi penye nyasi fupi tupu hakugharimu shilingi, na ndilo ombi ambalo wengi hulikubali. Kondoo ni afadhali kuliko ng'ombe, kwa kuwa hupunguza nyasi za katikati bila kuangusha mashungi, ili mradi wasirundikwe. Kipimo rahisi cha kumwachia mchungaji ni ngumi: nyasi za katikati zikishuka chini ya ngumi iliyosimamishwa ardhini, hamisha. Theluthi moja ya shamba iachwe bila mnyama kwa wiki sita tangu mvua ikolee. Moto wa Januari na Februari nao ukatazwe, maana mvua itakuta hakuna shungi la kuzalia.

Mikaratusi mipya iliyopandwa katikati ya nyasi, kama mwenyewe anakubali, ing'olewe ikiwa bado michanga. Huleta kivuli, hunywa maji, na hupa mwewe mahali pa kutazamia.

Pale ambapo mashungi yamekwisha lakini nyasi bado zipo, hapo hamishia mashungi kutoka shamba jingine. Tatizo ni kwamba wakati mzuri wa kuhamisha, mvua inapokolea, ndio wakati wa kuzaa. Kwa hiyo usichimbe shamba lenye ndege. Tafuta shamba ambalo mwenyewe ameshaamua kulima, kagua kila shungi kwanza, na chukua kabla ya trekta. Wenyeji hushangaa mtu kuomba kitu wanachokitupa, wape maelezo. Chimba kwa jembe uma, kina cha sentimita 20, ugawe shungi katika vipande vya ukubwa wa ngumi mbili, ukate majani yabaki sentimita 15 ili yasipoteze maji. Gunia moja lichukue vipande 25 hadi 30 pamoja na udongo wake, ukizidisha halibebeki. Vipandwe siku hiyohiyo, baada ya ardhi kulowa mara mbili, na vikanyagwe kwa kisigino ili pasibaki hewa.

Panda kwa vikundi vya vipande tisa, mita moja kati ya kipande na kipande, vikundi vikiwa vimetawanyika ovyo. Robo ekari inahitaji kama vikundi 20, yaani vipande 180. Mistari iliyonyooka ni ya viazi, na pia ni njia ya nguchiro. Makosa yanayoua ni matatu. Kufukia kitovu cha shungi: udongo wa Kinangop hutuamisha maji, kinaoza, kwa hiyo kibaki sawa na uso wa ardhi. Kuruhusu kondoo kabla ya miezi mitatu: hung'oa kwa meno, mizizi ikiwa haijashika. Na kupanda kwenye shamba lililokwisha kulimwa na kujaa thangari, lile gugu la nyasi linalotambaa: mizizi yake itayafunika mashungi machanga kabla hayajasimama, mpaka uisafishe kwa mkono msimu mzima, kazi ambayo hakuna bajeti ya hisani inayoimudu.

Mwenye shamba naye atauliza nyasi zinamlipa nini, akitazama bei ya viazi. Usimjibu kwa habari za ndege. Zungumza maziwa, na sufu ya kondoo, ambayo Njabini, mji mdogo wa hapa Kinangop, kina mama huisokota na kuifuma.

Februari inayofuata, kabla ya kuhesabu ndege hata mmoja, rudi kwenye vile vipande 180 na rula. Hai, mfu, na kila mfu andika sababu: kaoza, kang'olewa, kakauka, kafunikwa.