Mtoto acheka sauti za opera: nimwanzishie wapi?

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka saba huziba masikio na kucheka kila ninapomwekea opera, na mimi mwenyewe hushindwa kumweleza tofauti ya soprano na baritoni. Je, ningoje akue kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, usingoje, wala kicheko hicho kisikuudhi, kwa maana mtoto ameshatambua kwamba sauti anayoisikia si ya kila siku. Kosa letu wazazi, nami nimo, ni kumkalisha mtoto mbele ya opera inayochukua saa tatu nzima, tena kwa lugha asiyoijua, kabla hajapata hata jambo moja la kushika.

Anza na "Die Zauberflöte" ya Mozart, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna mwaka 1791. Msimulie kisa kwa ufupi, kisha mpigie nyimbo mbili tu: ule wa hasira wa Malkia wa Usiku, ambaye ni soprano, yaani sauti ya kike ya juu kabisa, na ule wa sala wa kuhani Sarastro, ambaye ni besi, yaani sauti ya kiume ya chini kabisa. Malkia hupanda hadi noti ya F iliyo juu kabisa, akizidonoa noti mojamoja kama kuku adonoavyo mtama, ilhali Sarastro huteremka hadi F iliyo oktavo nne kamili chini ya ile (oktavo ni umbali kati ya noti moja na ile ya jina hilohilo inayofuata). Mwache mtoto ajaribu kuwafuata wote wawili kwa koo lake, huku ameweka kiganja shingoni asikie mtetemo. Hapo ndipo umweleze kwamba nyuzi za sauti zilizo fupi na nyembamba hutetemeka kwa kasi zaidi, na kwa hiyo hutoa sauti ya juu.

Teno na baritoni wamo humo humo: Tamino, mwana wa mfalme, ni teno, sauti ya juu ya kiume, na Papageno, mtega ndege, ni baritoni, iliyo kati ya teno na besi, sauti iliyo karibu na ya mwanamume anayezungumza. Watoto wengi humpenda Papageno kuliko wote, nami siwalaumu.

Kwa mezo-soprano, sauti ya kike iliyo chini kidogo ya soprano, tafuta opera ya "Hänsel und Gretel" ya Humperdinck, ya mwaka 1893. Usimwambie mapema kwamba Hänsel, mvulana, kwa kawaida huimbwa na mwanamke, mwache akisie.

Akiutaka wimbo wa Papageno kwa mara ya kumi, mpigie. Kontralto, sauti ya kike ya chini kabisa, anaweza kusubiri, kwani sauti hiyo ni adimu hata jukwaani.