Kisanduku cha Idd: nilivyofundisha maumbo na ujazo darasa la sita

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kutumia sikukuu kufundishia jometri, ukaeleza kwamba mwaka jana ulijaribu kadi za Idd na watoto wakaishia kupaka rangi bila kupima chochote. Ninafundisha hisabati katika shule ya msingi hapa Tanga, upande wa Ngamiani, na jambo hilo limenipata pia. Kadi haimdai mtoto kipimo, kwa sababu hata ikikatwa upande inabaki kuwa kadi. Mpe kitu ambacho kipimo kikikosewa kitakataa kufunga au kitamwaga kilichomo, naye atashika rula bila kusukumwa.

Mimi hutumia kisanduku cha kupelekea majirani vitu vya Idd. Huku kwetu mtoto, awe Muislamu au Mkristo, amewahi kutumwa na sahani iliyofunikwa kawa au kuipokea mlangoni, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa kazi ya chombo hicho. Ubaoni ninaandika masharti machache tu: kisanduku kitoke katika kipande kimoja cha manila chenye sentimita 30 kwa 20, kiwe na mfuniko wa kipande kingine, kibebe nusu kilo ya tende kikiwa kimening'inizwa kwa kamba ya mkonge, na kiwe na nafasi kubwa ya visheti kadiri inavyowezekana. Vipimo vingine sitoi. Mwaka wa kwanza nilivitoa vyote, watoto wakanakili, visanduku vikapendeza, na katika jaribio la wiki iliyofuata wengi hawakuweza kueleza kwa nini ujazo ni urefu mara upana mara kimo.

Namna ya kukata ni moja: unaondoa mraba katika kila pembe ya karatasi, kisha unakunja kuta nne juu. Ukubwa wa mraba huo ndio uamuzi wa kikundi, na hapo ndipo somo lilipo. Binti mmoja wa mbele alisimama akasema kwa uhakika kabisa, "Mwalimu, karatasi ni ileile, kwa hiyo visanduku vyote vitabeba sawasawa." Darasa zima lilimuunga mkono, nami sikumkanusha. Vikundi vilikata kila kimoja kwa uamuzi wake, vikaziba pembe kwa vipande vya karatasi na gundi ya unga wa ngano, kisha tukaleta choroko na jagi la lita moja. Choroko zilizojaza kisanduku cha mraba wa sentimita 2 zilimiminwa katika kile cha sentimita 4, na mahali pakubwa pakabaki patupu. Yule binti alikitikisa kisanduku, akasawazisha choroko kwa kiganja, akatazama tena, kisha akarudi kwenye dawati lake kuandika bila kuambiwa.

Hesabu inakuja baada ya kuona hivyo. Ukikata sentimita 2, kitako kinabaki 26 kwa 16 na ujazo ni sentimita za ujazo 832. Ukikata 3 unapata 1,008, ambayo ni lita moja na tone, na jagi linathibitisha. Ukikata 4 unapata 1,056, lakini ukikata 5 unarudi hadi 1,000. Kushuka huko ndiko kunakowashangaza zaidi, kwa kuwa walishaanza kuamini kwamba ukuta ukiwa mrefu zaidi kisanduku kinabeba zaidi. Waache wajadiliane hapo hata kama kipindi kinaisha, maana ndipo wanapogundua wenyewe kwamba kila sentimita inayoongezwa kwenye kimo inapunguza sentimita mbili katika urefu na mbili katika upana.

Mfuniko unafundisha jambo lingine. Karibu vikundi vyote hutengeneza mfuniko wa 22 kwa 12 kwa kisanduku cha 22 kwa 12, kisha hushangaa kwamba hauingii. Ninawaachia wapime upya hadi waone kwamba karatasi yenyewe ina unene na mkunjo unakula nafasi. Kwa manila, kuongeza milimita 2 kila upande kumetutosha.

Kuhusu pembe mraba, usitegemee macho. Vipo visanduku vilivyoegemea upande mmoja kwa sababu karatasi ya mwanzo haikuwa mstatili halisi. Tulipima mishazari miwili ya karatasi, yaani mistari inayotoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, na ilipotofautiana, kosa lilijulikana kabla ya mkasi. Watoto wenye baba au wajomba mafundi ujenzi walikuwa wameshaona kamba ya 3, 4 na 5, yaani inayovutwa kuwa pembetatu yenye pande za vipimo hivyo, ikitumika kunyoosha pembe ya msingi wa nyumba, nao wakawaeleza wenzao vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Jaribio la tende huvunja visanduku vingi, kwa kawaida kitako kulegea katikati. Siku hiyo nililetea darasa boksi kuukuu la dukani, tukalipasua ukingo, wakaona karatasi iliyokunjwa mawimbi kati ya karatasi mbili zilizonyooka. Vikundi kadhaa vilikunja mabaki ya manila kwa pembetatu ndogondogo na kuyabandika chini ya kitako, na vikabeba.

Hatua ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Kila kikundi kinachora kisanduku chake kikiwa kimefunguliwa na kulazwa bapa, kinaandika vipimo, kisha kinakipa kikundi kingine kikijenge bila kuzungumza. Kipimo kilichosahaulika hujulikana mara moja, kwa sababu wajenzi wanakwama na kuandika swali pembeni mwa mchoro: "Ukuta huu ni sentimita ngapi?" Mchoro unarudi, unasahihishwa, unapelekwa tena.

Kazi yote huchukua vipindi sita, nami huianza wiki mbili kabla ya Idd ili kipindi cha mwisho kisiangukie siku ambayo nusu ya darasa haipo. Alama ninazitoa kwa mchoro uliosahihishwa pamoja na maswali yaliyoandikwa pembeni mwake. Visanduku vyenyewe wanakwenda navyo nyumbani.