Nibadilishe Usukani au Pedali Kwanza?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatumia usukani wa Logitech G29 katika michezo ya kompyuta ya mbio za magari. Je, ninunue usukani unaozungushwa na mota moja kwa moja, au nianze na pedali?

JIBU: Usukani ulio nao hupitisha nguvu ya mota kwenye gia, na nguvu hiyo haizidi sana nyutoni-mita 2 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kwa hiyo mitikisiko midogo inayokuarifu kwamba matairi ya nyuma yameanza kuteleza hufifia kabla ya kukufikia mikononi. Unaoutamani umefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, bila gia wala mkanda. Hata Fanatec CSL DD ya nyutoni-mita 5, ambayo ni ya ngazi ya kuanzia, hukupa taarifa hizo waziwazi.

Hata hivyo, ningekushauri kwa dhati uanze na pedali. Breki yenye kihisi cha mkandamizo hupima nguvu ya mguu badala ya umbali ambao pedali imeshuka, na kwa kuwa mguu hukumbuka nguvu vizuri zaidi kuliko umbali, utaweza kufunga breki kwa namna ileile kila unapoikaribia kona. Kwenye kompyuta, pedali za chapa nyingine huunganishwa peke yake kwa waya wa USB, ingawa mashine za michezo kama PlayStation kwa kawaida hazikubali mpango huo.

Kabla ya kununua usukani wenyewe, kagua pia meza yako, kwani meza inayoyumba huimeza mitikisiko uliyoilipia.