Muulize Shangazi: Binti kachaguliwa vipaji maalum, nyumba imegawanyika

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Singida mjini, nauza chapati na supu. Binti yangu wa kwanza kamaliza la saba shule ya msingi ya serikali, matokeo yakatoka kapata A masomo yote sita, tukashangilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Halafu majina ya fomu wani yakatoka, kapangiwa Kilakala, Morogoro, ile ya vipaji maalum. Hapo ndo ugomvi ukaanza. Baba yake anasema mtoto wa miaka 13 hawezi kukaa mbali hivyo, akiugua nani atamshika, aende tu shule ya kata hapa mtaani dakika 15 kwa mguu. Mjomba wake ndo usiseme, kila akija anatuambia Nyerere alisoma Tabora Boys, ni kumkosesha mtoto bahati. Na kuna shule moja ya private wamenipigia simu, sijui namba wametoa wapi, wanasema watamsomesha nusu ada kwa sababu ni kipanga. Nimeona pia kwenye fomu ya kujiunga vitu vinavyotakiwa, godoro, tranka, ndoo, fyekeo, rimu, nimepiga hesabu na nauli ni kama laki nne na nusu, siyo kwamba hatuwezi ila tutabana. Halafu nawaza, kwanini hata wasimpange Msalato hapo Dodoma jamani. Mwenyewe ukimuuliza anasema "mtakavyoamua." Ni mtoto mkimya. Juzi usiku nimemkuta anamfundisha mdogo wake wa la tano kumchoma bibi yao sindano ya sukari, maana yeye ndo huwa anamchoma asubuhi na jioni, dawa tunaiweka kwenye mtungi friji hatuna. Nisaidie Shangazi, kuripoti kumekaribia.

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera, A sita siyo mchezo.

Sasa naanzia pale ulipomalizia, maana umeiandika ile habari ya sindano kama kitu kidogo cha kufungia barua wakati ndo barua yenyewe. Binti hajanyamaza kwa sababu hana maoni. Mtoto anayekaa usiku kumfundisha mdogo wake wa la tano kuvuta insulini kwenye bomba tayari kashaamua kwenda, ila anaogopa kusema maana akisema nataka kwenda ni kama amesema bibi atajijua. Sa unategemea akujibu nini mbele ya baba na mjomba zaidi ya "mtakavyoamua"?

Kwa hiyo kabla ya kununua hata ndoo, hilo la bibi limalizeni nyinyi watu wazima. Siyo yule wa la tano, tafadhali, insulini ikizidi kipimo inaweza kuua mtu. Najua we alfajiri uko kwenye chapati, basi baba ajifunze. Mpelekeni bibi kliniki yake ya sukari, baba akae pale nesi amwelekeze, kisha wiki nzima amchome yeye huku binti anaangalia tu. Nakwambia siku akiona baba yake anachoma vizuri bila mkono kutetemeka utaona huyo mtoto mkimya anavyoongea. Hapo ndo umuulize, na usimuulize mmekaa sebuleni kama kikao cha harusi, muulize mnachambua mchele wawili tu.

Haya, tuje kwenye shule yenyewe. Kwanza hilo jina linawatisha watu bure. Kipaji maalum maana yake hapa ni kwamba mtoto kafaulu vizuri sana mtihani mmoja wa Septemba, basi. Hakuna aliyempima kichwa. Shule ni hizo chache, wavulana wana Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Tabora, wasichana wana Kilakala, Msalato na Tabora, na kinachofanya ziwe tofauti kwa maoni yangu siyo majengo wala uchawi wa walimu, ni wale watoto wenzake. Huko usiku kwenye prepu kila mtu ana kitabu, ukikwama hesabu unamgeukia wa pembeni, naye kama hajui kuna wa nyuma. Hapo nyumbani binti yako saa mbili usiku yuko wapi? Anaosha masufuria ya supu, kweli au uongo? Sikulaumu, mimi mwenyewe nimekulia kwenye masufuria hayohayo, ila hicho ndo kitu bweni linampa, muda. Na ada fomu wani mpaka fomu foo hakuna tangu 2016, kwa hiyo hiyo laki nne na nusu kubwa ni la mwanzo, baadaye ni nauli na vitu vidogovidogo.

Mjomba naye mwambie taratibu. Nyerere alienda Tabora 1937 akitokea Mwisenge kule Musoma, na zama hizo hakukuwa na sekondari ya kata dakika 15 kutoka mlangoni. Yeye hakuwa na cha kulinganisha, nyie mnacho. Shule ya kata siyo jalala, watoto wanatoka kule na divisheni wani kila mwaka. Swali la kuuliza ni je, hapo mtaani kwenu mwalimu wa fizikia yupo, wa hesabu yupo, au ni wale watoto wanakaa mpaka fomu tu, yani kidato cha pili, hawajamuona? Nenda ukaulize wanafunzi wa pale wenyewe, usimuulize mkuu wa shule.

Hao wa private waliokupigia simu, mh. Nusu ada ya nini, ya mwaka mmoja au minne? Nusu iliyobaki ni shilingi ngapi? Na akishuka wastani kidogo fomu tu inakuwaje, anarudishwa darasa, anaambiwa atafute shule nyingine? Waandike kwenye karatasi wagonge mhuri. Wengi ukiwaomba karatasi simu inakata yenyewe.

Kitu ambacho mnatakiwa kumwandaa nacho, na hapa naomba baba naye asome, ni kwamba kule hatakuwa wa kwanza. Miaka saba amezoea kuwa wa kwanza, sasa anaingia darasa ambalo kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Na wengine wametoka inglish midiam, bailoji na jiografia wanaisoma kama gazeti, huku yeye kasoma kila kitu kwa Kiswahili na siku ya kwanza ticha anaingia anaongea Kiingereza moja kwa moja. Muhula wa kwanza atashuka. Akirudi na namba 50 msimpigie kelele wala msiseme tulijua. Mkianza kumsoma kwa namba hiyo mtamharibu. Hizi wiki zilizobaki badala ya kumlipia prifomu wani ya bei mbaya mtafutie vitabu vya fomu wani hata vya kuazima, asome kurasa mbili kila siku kwa sauti, na maneno magumu ayaandike kwenye daftari.

Msalato nakuelewa, ni jirani, lakini usianze safari na barua ya uhamisho mkononi, mwacheni aripoti alikopangiwa. Singida mpaka Morogoro mnapita Dodoma hapohapo, na siku hizi kutoka Dodoma kuna treni ya SGR. Baba ndo ampeleke, siyo we. Aone bweni, aone zahanati, aongee na matroni na achukue namba yake. Wanaume wengi hofu yao inaisha wakishaona choo na kitanda.

Kwa hiyo mimi nasema aende, ila kama bibi kapata mtu na kama mwenyewe kwa mdomo wake kasema anataka. Akisema hapana, na akawa na sababu, mwacheni asome hapo. Shule hizi nyingi zinachukua tena fomu faivu, akifaulu fomu foo vizuri anaingia kwa mlango huo akiwa na miaka 17. Na akienda akashindwa, kurudi shule ya kata kutoka kule ni rahisi kuliko kutoka hapa kwenda kule. Mpigie mstari hilo baba yake alione.

Fyekeo nunua la mpini wa mti, ya bomba yanakatika.

SWALI: Shikamoo Shangazi, niko fomu tu shule ya vipaji maalum ya wavulana, sasa hivi tuko likizo. La saba nilikuwa wa kwanza wilaya nzima lakini huku nimekuwa wa 61 kati ya 90, wastani 68. Baba anataka kunihamisha anasema huku nimekuwa kilaza. Napiga msuli mpaka saa nane usiku natumia tochi ya simu chini ya blanketi lakini sipandi. Nihame?

JIBU: Marahaba. Hebu muoneshe baba hiki. Necta, baraza la mitihani la taifa, kwenye sekondari 75 kwenda juu ni A, 65 mpaka 74 ni B. We una 68, yani kwa wastani uko kwenye B, kilaza gani ana B? Kwenye mtihani wa taifa hawaandiki wa 61, wanaandika gredi, na hao 60 walio mbele yako hawakupunguzii hata maksi moja. Kaa na ripoti, tafuta masomo mawili yaliyo chini ya 60, hayo ndo ya kushughulika nayo, na umtafute mmoja kati ya hao 60 akufundishe, ndo maana wamewekwa hapo na wewe. Ukiona unakosa raha kabisa, huli, hulali, mwambie mwalimu wa malezi, na hapo kuhama kunaweza kuwa sawa, lakini siyo kwa sababu ya namba.

Na lala saa nne. Simu bwenini ni marufuku, sijakuuliza umeipata wapi.